Waraka wa Ndimi za Kwaresima

Kwa wakazi wote wa Mji Mkongwe, Ng'ambo na mashamba, kwa waumini wa kila dhehebu na hata wasio na dhehebu, natangaza rasmi kwamba mimi, Mabeli binti Sesili, mwenye umri wa miaka kumi na saba, ni mwandishi wa kwanza kutoka Mlandege ambaye waraka wake wa kitheolojia ulitiiwa na kanisa zima bila pingamizi, kuanzia padri mpaka mpiga kengele.

Waraka wenyewe ulikuwa ukurasa mmoja. Niliubandika kwa pini mbili, moja imepinda, kwenye ubao wa matangazo wa kanisa letu dogo lililo kichochoroni Mji Mkongwe, kati ya zamu za usafi na tangazo la mwavuli uliopotea. Na ulihusu kutoa ulimi.

Nianze na ukoo, kama Maandiko yanavyopenda kuanza. Asili yetu ni Mbweni. Sisi ni vitukuu vya watu waliokombolewa utumwani wakalelewa na wamisheni, ndiyo maana tunabeba majina ya Kizungu ambayo Wazungu wenyewe wameshayachoka. Babu alikuwa Herberti. Baba ni Sesili. Siku hizi tunakaa Mlandege, ambako Baba ana duka la kuchapa na fotokopi lenye mashine mbili, moja nzima na moja ya kuombewa. Nje ya saa za duka ni katekista, mwalimu wa dini wa kanisa letu. Amefundisha watoto na watu wazima miaka kumi na moja, lakini hajawahi kuhubiri hata mara moja, kwa kuwa katekista wa kwetu hahubiri mpaka Askofu atoe ruhusa ya maandishi, na Askofu haitoi mpaka padri amwombee. Mapadri watatu waliahidi kuomba. Wote watatu walihamishwa kabla ya kukumbuka.

Mwaka huu akaja wa nne. Padri huyu ni mtu wa Bara, mwenye adabu nyingi na daftari dogo ambamo huandika kila jambo la Unguja linalomshangaza. Hakuwa ametimiza miezi mitatu kwetu alipomwambia Baba, "Mwalimu, utahubiri Ijumaa ya wiki ya pili ya Kwaresima. Nikiridhika, barua inakwenda kwa Askofu jioni hiyo hiyo."

Baba alipiga pasi kanzu yake siku tisa kabla.

Na mimi? Mimi nilikuwa nimemaliza kidato cha nne katika shule ya bweni kule Tanga, nasubiri kidato cha tano, sina kazi ila kumsaidia Baba dukani. Bweni lilinifundisha mambo mawili: kula haraka na kuandika matangazo. Ukianza na KWA KUWA na ukamaliza na IMEAMULIWA, hakuna anayeuliza nani ameamua. Nilipokuwa kidato cha tatu niliwahi kutangaza kwamba mito yote ya kulalia ipelekwe bwaloni ikapimwe uzito. Ilipelekwa mito mia na sitini. Kwa hiyo sikuwa mgeni katika huduma hii.

Sasa, mwaka huu Kwaresima na Ramadhani zilianza wiki moja. Mji mzima ukafunga, sisi na wenzetu Waislamu, na kanisani kwetu kukaingia ugonjwa. Watu walianza kutangaza funga zao kwenye kundi la WhatsApp la kanisa. Mmoja aliandika, "Siku ya tatu, sijanywa hata maji, sifa kwa Bwana." Bi Agnesi wa sauti ya kwanza ya kwaya alituma picha ya bilauri tupu. Kesho yake akatuma bilauri ile ile, upande wa pili.

Jumamosi ya wiki ile ya kwanza nilimkuta Baba dukani anaandika mahubiri yake kwa mkono, kwa herufi kubwa ili asipotee akishikwa na hofu.

"Baba," nilimwambia, "hivi Ramadhani sie tunakula mchana tumefunga mlango kwa nini? Si tuko huru?"

"Nani kakukataza kula?"

"Hakuna. Lakini nikitoka na andazi barabarani, utaniona nnavyotazamwa."

Baba aliweka kalamu chini. Hakuna kitu anachokipenda kama swali la aina hiyo. "Mtume aliwaambia watu wa Korintho kwamba chakula hakitupeleki mbele za Mungu wala hakituweki nyuma. Kula. Lakini akasema pia, kama kula kwangu kunamwumiza ndugu yangu, basi sili. Sasa tazama mlango wetu. Ukiufunga ukala kwa kumwogopa askari, huo ni woga. Ukiufunga kwa sababu jirani yetu Bi Kazija yuko hapo nje na koo limemkauka tangu alfajiri, na yeye ndiye aliyekubeba mgongoni ulipokuwa na surua, huo ni upendo. Mlango ni ule ule. Maandiko hayaulizi kama umeufunga. Yanauliza kwa nini."

"Na wanaotuma picha za bilauri?"

Alicheka, akanionyesha ukurasa wa tatu. Ndio ulikuwa moyo wa mahubiri yake: kwamba Bwana alituagiza tukifunga tunawe uso na kujipaka mafuta, watu wasijue, kwamba katika mji ambao kila mtu anajua nani kafunga na nani hakufunga, Mkristo anaweza kumpa jirani yake heshima bila kujipa mwenyewe sifa. Nilisoma nikaona ni maneno mazuri sana. Niliona pia kwamba hayatasikika mpaka Ijumaa, na ugonjwa unaendelea. Roho ya huduma ikanishukia.

Mtaani kwetu watoto wakati wa Ramadhani hukaguana ndimi. Ulimi ukiwa mweupe, mkavu, umefunga. Ukiwa mwekundu unang'aa, wewe kobe, yaani unakula mchana kwa kujificha, na utazomewa mpaka kwenu. Nikakaa kwenye mashine nzima, nikaandika:

"KWA KUWA mwaka huu funga mbili zimekutana, KWA KUWA walio wengi wameshuhudia funga zao kwa maneno na kwa picha, na KWA KUWA ushuhuda wa kweli hauogopi kukaguliwa, IMEAMULIWA kwamba Ijumaa ijayo, kabla ya ibada, kila muumini atoe ulimi mlangoni mbele ya mzee wa kanisa. Ndimi kavu zitaketi mbele. Ndimi nyevu zitaketi nyuma na kutafakari."

Sikuweka jina. Tangazo lenye jina lina baba na mama. Lisilo na jina limeshuka kutoka juu.

Niliubandika Jumapili asubuhi, nikitarajia kicheko. Nilitarajia Bi Agnesi asome, ajione, aone haya, na mambo yaishe Jumapili ile ile. Badala yake nilimwona Padri amesimama mbele ya ubao, mikono nyuma, akisoma taratibu. Akatoa daftari lake. Akaandika. Akaondoka akitikisa kichwa kwa heshima.

Baada yake akaja Mzee Stanli, mzee wa kanisa, ambaye alikagua mizigo bandarini miaka thelathini kabla ya kustaafu, na tangu hapo hajapata cha kukagua. Alisoma mara mbili. Jumatatu alinunua tochi.

Hakuna aliyecheka. Hakuna aliyeuliza. Ningependa kusema kwamba hapo dhamiri ilinigonga, lakini ukweli ni kwamba nilitembea wiki nzima shingo juu kama mtu aliyechaguliwa kuwa mbunge.

Mpaka Jumatano, nilipomkuta Baba amekaa na mahubiri mapajani. Alikuwa ameuchomoa ukurasa wa tatu na anaukunja mara nne.

"Unafanya nini?"

"Nnaupunguza. Yamekuwa marefu."

"Lakini huo ndio mzuri!"

"Mabeli, Padri katoa agizo la ndimi. Huenda kwao Bara ndivyo wanavyofanya, sijui. Mimi sikubaliani nalo, Maandiko yanasema wazi tufunge kwa siri. Lakini nitasimamaje mimbarani kwake, siku anayonipima, niseme agizo lake linapingana na Injili?" Akautia ukurasa mfukoni. "Nitazungumzia subira. Subira haijamkera mtu."

Nilifungua mdomo. Ningesema sentensi moja tu. Nikaufunga, nikaenda kupanga karatasi ambazo zilikuwa zimeshapangwa.

Alhamisi, Bi Kazija, jirani yetu anayeuza kanga duka la pili, aliniita.

"Mabeli!"

"Naam! Shikamoo Bi Kazija."

"Marahaba mwanangu. Hebu njoo. Eti kesho mnakaguliwa ndimi kanisani?"

"Nani kakwambia?"

"Agnesi kaja hapa kununua kanga, kumbe kanga kisingizio. Ananinong'oneza nimfundishe ulimi unavyokauka. Nikamwambia, bibi wee, mie nshafunga miaka hamsini, hajatokea mtu kunimulika kinywani. Mchezo wa watoto ule! Nyie watu wazima umewaingiaje?"

"Ni agizo, Bi Kazija."

"La nani?"

"La... ofisi."

Alinitazama kwa muda mrefu kidogo kuliko nilivyopenda. "Haya. Mwambie baba yako namwombea. Miaka yote hiyo mtu anafundisha, kesho ndiyo siku yake. Mungu asimwaibishe."

Nikasema amina. Amina yangu ilitoka nyembamba.

Ijumaa saa kumi jioni mstari ulianzia mlangoni ukakunja kona ya kichochoro. Watalii wawili walisimama wakidhani kuna kitu kinagawiwa. Mzee Stanli alikuwa ngazi ya juu na miwani yake, tochi mkononi. Baba alikuwa kando katika kanzu iliyonyooka kama karatasi, na Padri karibu naye, daftari wazi. Mimi nilisimama kwenye nguzo, mahali pazuri pa kuonea kazi ya mikono yangu.

"Toa," alisema Mzee Stanli.

"Aaaa."

"Wewe umekunywa chai."

"Dawa, Mzee. Nnameza dawa za presha."

"Dawa haina tangawizi. Nyuma. Mwengine!"

Akaja Bi Agnesi, amenyanyua kidevu. Ulimi wake ulikuwa mweupe kama ukuta uliopakwa chokaa ya Idi. Mzee Stanli akausogelea, akanusa.

"Bi Agnesi, huu unga."

"Unga gani tena?"

"Wa ngano. Nimekagua magunia yake maisha yangu yote, usinifundishe unga."

"Mzee Stanli, wewe unanivunjia heshima mbele za watu!"

"Heshima yako imeganda hapo kwenye jino."

Kichochoro kizima kikalipuka. Hata Padri alicheka, kisha akamwinamia Baba akamwambia kwa sauti ya upole, lakini kila mtu alisikia, "Mwalimu, nawashukuru kwa kunionyesha. Kule kwetu hatuna mila hii. Mimi mwenyewe nimekuwa nikiwaona watoto mitaani wanaonyeshana ndimi, nikasema kumbe hata kanisa la Unguja limeipokea. Sikutaka kuuliza sana, mgeni haulizi vyungu vya mwenyeji."

Baba alimtazama. "Mila yetu? Padri, sisi tulidhani ni yako."

"Yangu?"

"Tulidhani ni ya Bara. Tukaona haya kukuuliza. Mgeni akija na jambo lake, hatumwambii usoni kwamba ni la ajabu."

Watu waliokuwa wameshatoa ndimi walizirudisha mmoja mmoja. Nikaelewa kile ambacho wiki nzima sikukielewa: hawakunitii kwa sababu ya KWA KUWA zangu. Walitii kwa adabu. Kila upande uliona jambo ni la upuuzi na kila upande ulikuwa unamstahi mwenzake.

"Basi nani kaandika?" aliuliza Padri, na uso wake haukuwa tena wa mgeni.

Mzee Stanli alikwenda kuubandua waraka ubaoni. Akausoma kwa mwanga wa tochi ingawa jua lilikuwa bado kali. "Kwa kuwa, kwa kuwa, kwa kuwa. 'Ushuhuda wa kweli.' Hii imechapwa kwa mashine, tena ni ya msomi." Aliinua macho polepole mpaka yakatua juu ya kanzu ya Baba. "Kanisani kwetu mwenye mashine ni mmoja. Na msomi ni huyo huyo."

Padri aliingiza mkono mfukoni akatoa bahasha. Ilikuwa bado wazi. "Mwalimu, barua ya kwenda kwa Askofu ni hii. Niliiandika mapema kwa kuwa nilikuwa na hakika nawe. Nimeandika humu kwamba wewe ni mtu mkweli. Nataka kukuuliza mara moja tu. Ni wewe?"

"Si mimi, Padri."

"Unajua ni nani?"

"Sijui."

"Mashine yako ijichapie yenyewe?" alisema Mzee Stanli.

Padri aliigeuza bahasha, akaitazama nyuma, akaitazama mbele. Nilimwona Baba anatazama bahasha ile inavyogeuzwa. Hakujitetea. Na mimi nilikuwa nyuma ya nguzo, mita nne kutoka kwake, na sikutoka. Naliandika hili kwa sababu ndilo kweli. Sikutoka.

"Kazi haijaisha," alisema Mzee Stanli, ambaye hajui kuacha kazi nusu. "Kuna ulimi mmoja sijauona. Mabeli! Toka hapo. Toa."

"Mzee, si mmeshasema hakuna agizo?"

"Toa."

Nikatoa. Tochi ikawaka. Mzee Stanli akarudi nyuma hatua moja. Bi Agnesi, ambaye alikuwa na kisasi cha kulipiza, akachungulia akapiga ukelele, "Ubuyu! Mwekundu mpaka kooni!"

Watu wakacheka tena, wamefurahi kupata mkosaji mdogo wa kuwaondolea aibu. Baba peke yake hakucheka. Alinijia taratibu, akasimama mbele yangu.

"Umekula saa ngapi?"

"Saa tisa. Darajani, nilipokuwa nnakuja."

"Ukijua saa kumi kuna ukaguzi?"

Nikaufuta mdomo kwa kiganja.

"Tazama hawa wote," alisema Baba, na hakuwa na hasira, alikuwa na ile sauti yake ya darasani, ambayo ni mbaya zaidi. "Bi Agnesi kajipaka unga. Huyu kasingizia dawa. Mzee Stanli kanunua tochi. Padri kafungua daftari. Mimi nimepunguza mahubiri yangu. Kila mtu hapa aliiogopa karatasi hii, hata mwenye ofisi. Mtu mmoja tu ndiye aliyekula ubuyu njiani roho imetulia. Sheria ikiwatisha watu wote ikaacha kumtisha mmoja, Mabeli, huyo mmoja anajua ilikotoka."

Nimesoma shule ya bweni miaka minne. Nimehojiwa na matroni watatu na mwalimu wa nidhamu mmoja, na wote niliwatoroka kwa maneno. Baba sikumtoroka.

"Ni mimi," nilisema.

"Sema wasikie," alisema Padri.

"Ni mimi!"

"Tena utasema ndani, kutoka mbele, kabla Mwalimu hajahubiri. Bila kwa kuwa hata moja." Akamgeukia Baba. "Umesema umepunguza mahubiri. Umepunguza nini?"

Baba alitoa ukurasa wa tatu mfukoni, umekunjwa mara nne. Padri aliusoma pale pale mlangoni wote tunangoja. Alipomaliza hakuurudisha mara moja.

"Ulidhani agizo ni langu, ukaona linapingana na Injili, na ukataka kuninyamazia?"

"Naam, Padri. Niliogopa bahasha."

"Mimi nami niliogopa kuuliza, kwa hiyo tumelingana." Akampa ukurasa. "Hubiri huu. Wa subira utauhubiri mwakani." Kisha akailamba gundi ya bahasha, akaifunga kwa kidole gumba, na Mzee Stanli, Mungu amsamehe, akainama kutazama ulimi wake.

Tukaingia. Hakuna aliyejali nani anakaa mbele na nani nyuma. Nilipanda ngazi ya madhabahu, nikageuka, nikaona nyuso sitini ambazo kwa wiki nzima nilizifanya kichekesho bila zenyewe kujua. Mwanzo wangu wa kawaida ulinijia ulimini, ule wenye herufi kubwa. Nikaumeza.

"Jina langu Mabeli," nilisema, "na waraka niliuandika mimi, dukani, kwa mashine ya Baba, yeye hajui. Nilitaka kuwacheka wanaotangaza funga zao. Mimi mwenyewe niliandika kwenye kundi kwamba nafunga, na sijafunga hata siku moja. Bi Agnesi, nisamehe. Mzee Stanli, tochi nitaifidia. Jumatano nilimwona Baba anaukunja ukurasa wake kwa sababu yangu, nikanyamaza. Leo nilimwona anaulizwa kama ni mwongo, nikajificha nyuma ya nguzo. La waraka lilikuwa mzaha. La nguzo halikuwa mzaha, na hilo ndilo ninaloungama."